Chujio langu linazuia vijidudu, mbona halizuii kinachopaka meno rangi?

"Shikamoo mtaalamu. Tunaishi karibu na Usa River, wilayani Meru, na maji yetu ni ya kisima cha kuchimbwa. Mwanangu wa kwanza ana miaka 9, meno yake ya mbele yameota na mabaka ya kahawia. Wa pili ana miaka 2 na nusu, na sasa nina mimba ya miezi 6. Mwaka jana nilinunua chujio la ndoo lenye nyuzi za utando ndani, muuzaji akasema linaondoa asilimia 99.99 ya uchafu wote. Mama mkwe hataki kulisikia. Anasema maji ni ya kuchemsha, tena yachemke sana mpaka hiyo chumvi ya meno iishe. Juzi amekuja kijana mwingine anauza mashine ya kusafisha maji inayoitwa RO, kwetu sisi bei yake ni ya kukopa. Jirani naye ananionya kwamba maji ya mashine hiyo ni maji mafu, yananyonya madini kwenye mifupa. Na chujio langu limeanza kutoa maji kwa kudondosha. Je, nimetapeliwa? Nifanye nini kabla huyu mdogo naye hajaharibika meno?"

Marahaba, dada. Hujatapeliwa, ila umeuziwa chujio pamoja na nusu ya maelezo. Chujio lako ni zuri kwa kazi yake, lakini kazi hiyo haihusiani na meno. Mama mkwe wako naye yuko sahihi kwa jambo moja na amekosea kwa jingine, na hilo alilokosea linamgusa mjukuu wake moja kwa moja. Nitajibu kwa urefu. Mimi nimekulia upande wa pili wa Mlima Meru, meno yangu ya mbele yana rangi hiyo hiyo ya mwanao, na kila nikipata barua ya namna hii najua kuna mtoto ambaye bado anaweza kuwahiwa.

Maji ya kisima chenu yanaweza kuwa na hatari mbili, na tatizo lote la nyumbani kwako linatokana na kuzichukua kama kitu kimoja. Ya kwanza ni vijidudu: bakteria, virusi, na vimelea kama giardia, ambavyo hutoka kwenye vyoo, mifugo na mikono isiyonawiwa. Hivyo ndivyo vinavyoleta kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Ya pili ni floraidi, ambayo haitoki kwenye uchafu wowote. Inatoka kwenye miamba na majivu ya volkano ya Mlima Meru. Maji yanapokaa chini kwa miaka yakipita kwenye mawe hayo, yanaiyeyusha na kuibeba. Hata kisima safi kabisa, kilichofunikwa vizuri na kisicho na choo karibu, kinaweza kuwa nayo tele. Haina rangi, haina harufu wala ladha. Wengi kwetu huamini kwamba rangi ya mto Maji ya Chai ndiyo inayopaka meno. Lakini maji meupe, yanayong'aa kwenye glasi, yanaweza kuwa mabaya kuliko yale ya rangi. Tena visima viwili vilivyo karibu vinaweza kutofautiana sana, hivyo kipimo cha jirani hakikufai wewe.

Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 8, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na maji mengine. Baadaye ikashusha hadi 4, na sasa kiwango chetu ni 1.5 pia. Kwa hiyo mtu akikwambia "haya maji yalipimwa zamani yakapita", muulize yalipita kwa kiwango cha mwaka gani.

Sasa tuingie ndani ya chujio lako. Ukilipasua ungekuta nyuzi nyingi nyembamba kama tambi, kila uzi una uwazi katikati, na ukuta wake umejaa vitundu. Maji yanapenya ukutani, kilicho kikubwa kuliko kitundu kinabaki nje. Utando haufanyi zaidi ya hapo. Hauui kitu na hauvuti kitu, unazuia kwa ukubwa. Ndiyo maana swali la kwanza mbele ya chujio lolote ni hili: ninachotaka kizuiwe kina ukubwa gani, na tundu lina ukubwa gani?

Vipimo hivi ni vidogo mno kuonekana, basi tuvikuze vyote kwa pamoja. Tuseme chembe moja ya floraidi, pamoja na maji yanayoizunguka, ni punje ya ufuta. Kwa kipimo hicho, bakteria wa kipindupindu angekuwa na urefu wa gari dogo la abiria. Virusi vya rota, ambavyo huharisha watoto wadogo, vingekuwa kama mpira wa miguu. Na kitundu cha utando wa nyuzi wenye alama ya mikromita 0.02 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) kingekuwa na upana ambao yai la kuku linapita. Gari halipiti pale. Mpira haupiti. Ufuta unamwagika kama kawaida.

Au fikiria chai jikoni kwako. Ukichuja chai yenye sukari, majani yanabaki kwenye chujio na sukari inapita. Ukaichuja mara 10, bado ni tamu. Floraidi imeyeyuka kwenye maji kama sukari ilivyoyeyuka kwenye chai, kwa hiyo chujio la nyuzi, hata likiwa jipya na la bei kubwa, haliwezi kuishika. Ile asilimia 99.99 ya muuzaji huenda ni kweli kabisa, lakini ni asilimia ya bakteria.

Kabla hatujaliacha chujio, tafuta kwenye boksi lake namba ya ukubwa wa vitundu. Ikiwa ni mikromita 0.02 au chini, linazuia bakteria na virusi. Ikiwa ni 0.1, rudi kwenye mfano wetu: kitundu hicho kingekuwa na upana wa karibu sentimita 29, na mpira wa miguu unapenya bila kugusa kingo. Chujio la namna hiyo linazuia bakteria na vimelea vizuri sana, lakini virusi vinaweza kupita, hivyo maji yake uyatie dawa ya klorini au uyachemshe, hasa kwa mtoto.

Kuhusu kupungua kwa maji: vitundu vimeziba kwa tope laini, na hiyo ni dalili kwamba kuna vitu vinazuiwa. Lioshe kwa kurudisha maji safi nyuma, kutoka upande wa maji masafi kwenda upande wa maji machafu, kwa lile bomba la sindano lililokuja nalo, na usukume kwa nguvu mara kadhaa. Usilisugue ndani, usilichokonoe kwa njiti, wala usipitishe maji ya moto. Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni hili: chujio linalotoa maji polepole halina hatari ukilinganisha na lile lililokuwa polepole kisha, bila kuoshwa, likaanza kumwaga kwa kasi. Hapo shuku kwamba uzi umekatika ndani na maji yanapita bila kuchujwa. Likifanya hivyo, liweke kando.

Nije kwa mama mkwe. Kuchemsha ni njia ya uhakika ya kuua vijidudu, na hilo mheshimu nalo. Maji yakishatokota yenyewe kwa nguvu, kazi imekwisha. Lakini floraidi haifi, haipandi na mvuke, inabaki sufuriani. Chukua lita 10 zenye miligramu 5 kwa lita. Ndani yake mna miligramu 50. Ukizichemsha mpaka zibaki lita 8, zile miligramu 50 bado zimo, sasa zimo kwenye lita 8, yaani zaidi ya 6 kwa lita. Kadiri anavyoyachemsha sana ili kuiondoa, ndivyo anavyoyafanya mazito zaidi. Najua siyo rahisi mkwe kumwambia hivyo mama wa mume wake. Mwombe mumeo amweleze kwa mfano wa chumvi: mchuzi ukichemka sana unakolea, chumvi haiondoki.

Mashine ya RO nayo ina utando, lakini wa namna nyingine kabisa. RO ni osmosisi ya kurudisha nyuma, na osmosisi yenyewe unaifanya kila unapoloweka maharage. Maji yanapenya ganda na kuingia ndani, upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka, mpaka harage linavimba. Mwaka 1748 Mfaransa Jean-Antoine Nollet aliona jambo hilo kwa kufunga chombo cha kileo kwa kibofu cha nguruwe na kukizamisha majini. Maji yaliingia mpaka kibofu kikatuna. Kwa asili maji huelekea kule kwenye chumvi. Ukitaka yatoke kwenye chumvi na kuja upande huu yakiwa matupu, lazima uyasukume kwa presha kubwa kuliko ile ya asili. Watu walilijua hilo muda mrefu, lakini hawakuwa na utando ambao ungezuia chumvi na bado upitishe maji ya kutosha. Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, kwenye chuo kikuu kimoja huko Los Angeles, waliupata karibu na mwaka 1960, na mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga, California, ukaanza kunywa maji ya chumvi yaliyosafishwa kwa njia hiyo.

Utando wa mashine za leo ni tabaka jembamba la poliamidi, aina ya plastiki, na hauna vitundu vya kuhesabika kama vile vya nyuzi. Maji yanajipenyeza katikati ya molekuli zake. Floraidi, ambayo imebeba chaji ya umeme na imeng'ang'aniwa na maji pande zote, inasukumwa nyuma. Kwa hiyo ndiyo, mashine ya RO inaondoa floraidi. Kijana wa pili hajakudanganya hapo.

Muulize lakini inaondoa kiasi gani, na ufanye hesabu mwenyewe. Mashine nzuri, ikiwa na presha ya kutosha, hupunguza kama sehemu 9 kati ya 10. Kisima chako kikiwa na miligramu 8 kwa lita, utapata 0.8, salama. Kikiwa na 20, utapata 2, na bado umevuka ukomo ukiwa umelipa pesa zote hizo. Kikiwa na 2 tu, huenda hukuhitaji mashine, kuna njia ya bei nafuu nitakayoisema. Unaona kwa nini siwezi kukwambia "nunua" au "usinunue" kabla hujapima.

Gharama nyingine ni maji yanayotupwa. Mashine ndogo za nyumbani hutoa lita moja safi na kumwaga kama lita 3, na hizo lita 3 zinatoka na floraidi zaidi ya ilivyokuwa kisimani. Zitumie kufulia, kudekia na kumwagia chooni. Usiwanyweshe ng'ombe wala ndama, meno na mifupa ya mifugo nayo huharibika. Kuna umeme wa pampu. Kuna vichujio vya mwanzo, cha tope na cha mkaa, vya kubadilishwa kila baada ya miezi kadhaa. Kile cha mkaa ni muhimu kuliko kinavyoonekana, maana poliamidi haivumilii klorini. Mtu akitia klorini kisimani na mkaa umechoka, utando unaliwa kimyakimya.

Nilishawahi kuitwa kwenye shule moja ya bweni ambako mashine kama hiyo ilifungwa kwa sherehe. Nilipima maji ya bomba la wanafunzi na ya kisima, nikakuta floraidi ni ile ile. Utando ulikuwa umeziba ndani ya mwaka wa kwanza, na fundi aliyeitwa, ili watoto wasikose maji, alikuwa ameunga bomba la kupita pembeni. Watoto wakaendelea kunywa kwenye bomba lililoandikwa "maji salama" kwa muhula baada ya muhula. Sikulala vizuri siku ile. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, ila hakukuwa na mtu aliyepewa kazi ya kupima. Ukinunua mashine, nunua na kalamu ya kupimia chumvi zilizoyeyuka. Haipimi floraidi yenyewe, lakini andika namba inayosoma kwenye maji ya kisima na kwenye maji safi siku ya kwanza, kisha rudia kila mwezi. Namba ya maji safi ikianza kupanda kuelekea ile ya kisima, utando umechoka au kuna mahali maji yanachepuka.

Tukiwa kwa wauzaji: akija na kifaa chenye vyuma viwili vya umeme, akakitumbukiza kwenye maji yako yakageuka rangi ya kutu, kisha kwenye maji ya mashine yake yakabaki meupe, usitishike. Ile kutu inatoka kwenye vyuma vyenyewe. Maji yenye madini yanapitisha umeme, vyuma vinalika. Maji ya RO hayapitishi, vyuma vinabaki. Onyesho hilo halikuonyeshi sumu yoyote iliyokuwa majini.

Na "maji mafu" ya jirani yako? Ni kweli kwamba RO huondoa na madini mazuri, kalsiamu na magnesiamu, na maji yake yana ladha ya kupooza. Ni kweli pia kwamba maji hayo hula mabomba ya chuma, kwa hiyo yahifadhi kwenye plastiki. Lakini hayanyonyi mifupa ya mtu anayekula. Kalsiamu yetu kubwa inatoka kwenye maziwa, mboga za majani na maharage, siyo kwenye kikombe cha maji. Kwa mama mjamzito na mtoto, jihadhari isiwe maji ndiyo yamebaki na chakula hakipo. Kinachoumiza mifupa kwa maeneo yetu ni floraidi nyingi kwa miaka mingi, na hiyo ndiyo inayotolewa. Nikwambie pia kwamba utando huu wa RO ndio unaotayarisha maji ya wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine, ambapo kikao kimoja hutumia zaidi ya lita 100, na floraidi inayoruhusiwa huko ni miligramu 0.2 tu kwa lita. Damu yao nayo husafishwa kwa utando wa nyuzi, binamu wa ule uliomo kwenye ndoo yako.

Kuna njia ya tatu ambayo imezaliwa hapa hapa kwetu. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, chini ya Wizara ya Maji, kimefanya kazi miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa kwa joto linalodhibitiwa, inasagwa, na maji yanapitishwa ndani yake. Floraidi inashikwa na madini ya mfupa, kama inavyoshikwa na jino. Ni nafuu, hauhitaji umeme wala kumwaga maji. Udhaifu wake ni kwamba mkaa unashiba. Baada ya miezi kadhaa, kutegemea maji yako, unaacha kushika na hakuna kinachokuonyesha, ladha ni ile ile, hivyo lazima upime na kubadilisha. Mifupa iliyochomwa vibaya hutoa maji yenye harufu. Uliza pia ni mifupa ya mnyama gani, maana kuna nyumba ambazo jambo hilo lina uzito wa kiimani, na ni haki yao kujua. Usichanganye mkaa huo na mkaa wa kuni au wa vifuu. Hiyo huondoa harufu na klorini, floraidi haiigusi. Na neno "nano" kwenye tangazo lisikupe uhakika peke yake. Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru alipata tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio la mchanga lililoongezewa chembe za nano, na hiyo ni teknolojia tofauti na utando wa nano, ambao uko katikati ya nyuzi zako na RO. Kila moja ina kazi yake. Omba karatasi ya vipimo vya floraidi kabla na baada.

Lakini kama ungekuwa dada yangu wa damu, ningeanza na paa lako kabla ya kukopa. Maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba, kwa hiyo floraidi ndani yake ni kidogo mno. Tatizo la maji ya mvua ni vijidudu: kinyesi cha ndege, vumbi, mijusi kwenye gata. Na wewe tayari unalo chujio linalozuia vijidudu! Lile ulilodhani umetapeliwa ndilo linalokamilisha maji ya mvua. Huhitaji maji ya kuoga wala ya kufulia. Floraidi haiingii kwa ngozi. Unahitaji ya kunywa na kupikia tu, kama lita 15 kwa siku kwa familia ya watu wanne. Kiangazi cha siku 150 ni lita 2,250. Tangi la lita 3,000 linatosha, na paa la bati la mita 40 za mraba linalijaza kwa mvua ya milimita 100, hata ukitoa inayopotea. Mvua za kwanza ziache zioshe bati, ndipo uelekeze gata tangini. Funika tangi, weka wavu mdomoni, chota kwa koki. Yakishachujwa, yakae kwenye chombo chenye mdomo mwembamba, maana utando hauachi dawa yoyote ndani ya maji, na kikombe kimoja kilichotumbukizwa na mkono mchafu kinarudisha kila kitu mwanzo.

Ukikosa maji ya kuwatosha wote, kipaumbele ni kwa umri. Floraidi huharibu jino likiwa bado linatengenezwa ndani ya fizi. Meno ya kudumu ya mbele hutengenezwa miaka ya mwanzo kabisa, mengine huendelea mpaka kama miaka 8. Kwa hiyo huyu wa miaka 2 na nusu ndiye wa kwanza, kuanzia leo jioni, hata ikibidi kumnunulia maji ya chupa ambayo kiwango chake cha floraidi kimeandikwa na kiko chini ya 1.5. Anayekuja ana kinga moja kubwa ambayo hutainunua: maziwa yako. Floraidi hupita kidogo sana kwenye maziwa ya mama, hata mama akinywa maji mabaya. Mnyonyeshe bila kumpa kitu kingine miezi 6 ya kwanza. Hatari huanza siku uji wake unapopikwa kwa maji ya kisima.

Angalia na jikoni. Magadi tunayotia kwenye makande, kiburu na maharage ili yaive haraka yanaweza kuwa na floraidi nyingi, na nimeona nyumba zilizobadilisha maji zikaendelea kupika kwa magadi. Loweka maharage usiku kucha badala yake. Chai ya rangi nayo majani yake yana floraidi, mtoto mdogo haihitaji. Dawa ya meno mpe kiasi cha punje ya mchele na umfundishe kutema.

Kwa mwanao mkubwa, mabaka hayafutiki kwa kunywa maji mazuri, lakini yapo mambo ya kufanya. Daktari wa meno anaweza kung'arisha au kufunika sehemu zilizobadilika, na mara nyingi ni vyema kusubiri meno ya mbele yakomae kwanza. Usikubali mtu wa mtaani ayasugue kwa msasa au asidi. Gamba likiondoka halirudi. Na mwambie mtoto, kwa maneno hayo hayo, kwamba hajawahi kuwa mchafu na hakushindwa kupiga mswaki. Wengi wetu tuliambiwa hivyo darasani, na tulijifunza kucheka tumeziba mdomo.

Mpeleke hospitali, usisubiri, ukiona mtoto yeyote miguu inapinda au magoti yanagongana, au mtu mzima wa nyumbani analalamika mgongo na viungo kukakamaa miaka inavyokwenda. Matege hayaletwi na floraidi pekee. Ukosefu wa vitamini D na kalsiamu huleta pia, na tiba zake hazifanani, kwa hiyo inahitaji daktari aangalie mifupa kwa picha. Mwenye ugonjwa wa figo aseme kwa daktari wake anakunywa maji gani. Na mtoto akiharisha huku macho yameingia ndani, hakojoi au amelegea, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti mkiwa njiani kwenda kituo cha afya.

Wiki hii nenda maabara ya maji ya mkoa pale Arusha, au uulize Ngurdoto, uombe vipimo viwili. Cha floraidi chukua maji kwenye chupa ya plastiki, siyo ya glasi, uisuuze mara tatu kwa maji ya kisima hicho hicho kabla ya kujaza. Cha vijidudu omba chupa yao iliyotakaswa, usiguse ndani ya kifuniko, iweke kwenye barafu na uifikishe siku hiyo hiyo. Huko watanyonya mililita 100 za maji yako kupitia kipande cha utando cha duara, wakiweke kwenye chakula cha bakteria, na baada ya siku moja wahesabu vidoa vilivyoota. Kwa maji ya kunywa, vidoa vya bakteria wa kinyesi vinatakiwa viwe sifuri. Ukipata karatasi, niandikie namba ya floraidi, ya pH (kipimo cha asidi ya maji), na ya hivyo vidoa, pamoja na ukubwa wa paa lako. Hapo nitakwambia kama mashine ya yule kijana inastahili mkopo.